Malindi palishawahi kupita gari la moshi? Nyanya ashikilia babake alilifanyia kazi

Mwana_Shela:
Salaam aleikum wapwani wenzangu. Nauliza, na mkitaka kucheka chekeni lakini mnijibu. Nyanya yangu mzaa mama yuko hapa Malindi mtaa wa Shela, miaka 90 na ushei, akili timamu mashallah, pesa zake za M-Pesa anazijua mpaka senti. Sasa yeye hadithi yake kila siku ni kuwa marehemu babake alikuwa akifanya kazi kwenye gari la moshi la Malindi, si Mombasa wala si Voi, Malindi. Anasema lilikuwa likianzia ngomeni, linapita katikati ya majumba ya watu, mlango huu na reli hii, halafu linatokea mashambani, na watu wakipanda na makanda yao ya machungwa na nazi. Ami yangu anasema hakuna kitu kama hicho, Malindi gari la kwanza kuliona lilikuwa na matairi. Binamu yangu naye akadakia ati "ngomeni" ni Ngomeni ile ya kaskazini mwa Malindi, walikorushia roketi Waitaliano, kwa hivo reli ilitoka Ngomeni ikaja mjini, na ushahidi anao, shule aliyosoma kengele yake ni kipande cha reli kimetundikwa kwenye mwarobaini kinagongwa na nondo. Kilitoka wapi basi?

Juzi arusini mambo yakawa makubwa, biriani imepoa watu wanabishana reli. Na humohumo likazuka swali jingine, injini ya mvuke ya kwanza kabisa huku pwani yetu ilikuwa ipi? Mimi shule nimesomeshwa ni 1896, ya Mombasa kwenda Uganda. Wenye kujua naomba.

Bahari_ya_Kusi:
Waalaikum salaam. Reli Malindi hii yetu haijapata kuwepo, hapo ami yako yuko sawa. Mwingereza alipoanza kujenga 1896 hakuwa na haja na sisi, alitaka afike Ziwa Viktoria aishike Uganda, kwa hivo akatoka Mombasa akakata bara moja kwa moja, Nairobi 1899, Kisumu 1901 ambayo siku hizo ikiitwa Port Florence. Malindi na Lamu zilikuwa na bahari yao, jahazi na meli ndogo ndizo zilizobeba kila kitu, na ukitaka kuja kwa nchi kavu kutoka Mombasa una hori la Mtwapa mbele yako, ukimaliza hilo una la Kilifi, nani angetia pesa za madaraja yote hayo kwa ajili ya nafaka na boriti ambazo jahazi inabeba kwa upepo wa bure. Kilifi penyewe tumevuka kwa feri mpaka daraja likafunguliwa 1991, wenye umri wanakumbuka ile foleni.

Lakini nyanya usimwite mwongo. Muulize kwanza, Malindi gani? Unguja nako kuna Malindi, ni mtaa wa Mji Mkongwe upande wa bandarini, na Unguja lilikuwepo gari la moshi la kweli, la Bububu. Wamarekani ndio waliolijenga, kampuni ya Arnold Cheney ya New York, likaanza 1905, likitokea nje ya Ngome Kongwe kuelekea kaskazini maili 7 mpaka Bububu. Sasa soma tena maneno ya nyanya, ngomeni, katikati ya majumba, mashambani. Ile reli ya mjini ilipita kwenye njia nyembamba kama za Mkomani hapo Lamu, mtu akiwa barazani kwake lazima akunje miguu. Na huyo binamu mwambieni roketi za Ngomeni ni mambo ya miaka ya sitini, asichanganye.

Mama_Langoni:
Mimi niko Lamu lakini nusu ya watu wetu wako Unguja, hadithi hii nimekulia nayo kwa hivo nami nitie langu. Hilo la Bububu si la kwanza hata kwa Unguja yenyewe. La kwanza ni la Seyyid Barghash.

Barghash ndiye yule aliyetawala 1870 mpaka 1888, aliyejenga Beit el Ajaib, akaleta maji ya mfereji mjini, mtu wa mambo mapya. Alikuwa na jumba lake Chukwani, kusini ya mji. Mwaka 1879 akatandikiwa reli kutoka mjini mpaka huko, reli nyembamba sana, futi 2 tu kutoka chuma hadi chuma, yaani kama sentimita 61, mtu mzima anapanua miguu anakanyaga zote mbili bila kujikaza. Kulikuwa na mabehewa mawili ya fahari, na mwanzo yalikuwa hayavutwi na mvuke, yakivutwa na nyumbu! Hapo watu wa Lamu tunyanyue kichwa, hata Sultani alianza na jamaa za punda.

Kisha 1881 akaagiza injini kwa Bagnall, kiwanda cha Stafford Uingereza. Kijinjini kidogo, magurudumu manne tu na yote manne yanasukuma, maji yake yamo humohumo kwenye matangi ya mwilini, hakuna gari la nyuma la kubeba maji na makaa. Kwa hivo mwanangu wa Shela jibu la swali lako la pili ni hilo, 1881, miaka 15 kabla ya Mombasa, na haikuwa ya mkoloni, ilikuwa ya Sultani mwenyewe kwa pesa yake. Kinachoniudhi mimi ni kuwa alipokufa 1888 hakuna aliyeijali, reli ikang'olewa na injini ikavunjwa chuma chakavu. Miaka saba ya kazi basi. Leo watalii wanaonyeshwa Beit el Ajaib na mahamamu, gari la moshi la Barghash hata kibao hakuna mtu aliyenionyesha, na nimeuliza.

kijana_wa_mkomani:
Kwani sisi Lamu yetu iko wapi?? 2012 viongozi watatu wa nchi wamekuja hapa wakatuambia bandari na reli mpaka Ethiopia na Sudan Kusini, gati la kwanza limefunguliwa 2021 sawa, reli mimi sijaona hata taruma moja la kulalia chuma. Punda wangu anauliza astaafu lini 😂

Mama_Langoni:
Mwambie asubiri, mwenzake wa Chukwani alisubiri miaka miwili tu.

Fundi_Mstaafu:
Hamjambo nyote. Mimi nilikuwa reli tangu kijana, nilianza kama mwanafunzi wa ufundi kwenye shedi miaka ile injini za mvuke zinamalizikia, sasa nimetulia hapa Malindi na mikorosho yangu. Ntajibu ile ya kipande cha kengele manake wengine wameiruka.

Kipande cha reli hakikwambii kitu juu ya geji. Geji ni nafasi kati ya reli mbili, sasa wewe unayo moja, tena kipande, utapimaje nafasi? Ila uzito unasema. Reli zile za kwanza za Uganda Railway zilikuwa za ratili 50 kwa yadi, kwa vipimo vya leo ni kama kilo 25 kwa kila mita. Baadaye mizigo ikazidi zikang'olewa zikawekwa nzito zaidi, na hizo kuukuu zikasambaa nchi nzima, nguzo za simu, mageti, paa za maghala, makalveti, na kengele za shule kwa wingi tu. Reli za toroli za mashambani ni nyepesi kuliko hizo kwa mbali, mtu mmoja anabeba kipande begani anakwenda zake. Kwa hivo pimeni urefu, kipeleke kwenye mizani, gawanya. Ikija karibu na 25 kwa mita basi kengele ya binamu imetoka njia kuu na imekuja Malindi juu ya lori kama magunia mengine.

Na hii ya nani alikuwa wa kwanza, hata ukitoa Unguja bado Mombasa haikuongoza. Mjerumani alianza Tanga 1893, geji ya mita moja, kufikia 1896 alikuwa ameshafika Muheza wakati Mwingereza ndio anatia taruma la kwanza. Kweli kampuni yao ilifilisika njiani na serikali yao ikaichukua 1899, lakini reli ilikuwepo na treni zilikuwa zikitembea. Mjerumani huyohuyo alikuwa na nyingine ndogo ya sentimita 75, Tengeni mpaka Sigi, ya kuteremshia magogo kutoka misitu ya chini ya Amani.

Na Mombasa kwenyewe, kabla ya 1896, ile kampuni ya Mackinnon ya Imperial British East Africa ilitandika reli ya futi 2 mwaka 1890, ikapewa jina kubwa kweli, Central African Railway, ikaenda maili chache porini ikaishia hapo, pesa zimekwisha. Vyuma vyake ndivyo vikaja kutumiwa kwa matoroli ya mjini Mombasa. Kama hamjaona picha zake zitafuteni, bwana kakaa kwenye benchi chini ya kijipaa cha turubai na kofia yake nyeupe, nyuma vijana wanasukuma wanakimbia pekupeku juani. Hayo yalikuwepo mpaka miaka ya ishirini. Injini hakuna, ni miguu ya watu.

Bahari_ya_Kusi:
Fundi ahsante. Swali dogo, kwa nini mita moja na si ile pana ya Ulaya? Na kwa nini Barghash futi 2, Bububu futi 3, kila mtu na lake?

Fundi_Mstaafu:
Pesa na kona. Reli nyembamba inakubali kupinda kona kali, tuta lake dogo, daraja lake dogo, injini yake nyepesi kwa hivo hata chuma cha chini kinaweza kuwa chepesi. Sultani alitaka kwenda jumbani kwake na kurudi, futi 2 zinamtosha na kubaki. Mmarekani wa Bububu alikuwa na abiria na mazao, akachukua futi 3. Mwingereza wa 1896 alichukua mita kwa sababu ya India, wahandisi wake wengi walitoka huko, vibarua zaidi ya elfu 30 walitoka huko, mshahara ulilipwa kwa rupia, hata injini nyingine za mwanzo zililetwa zikiwa zimeshatumika India. Ukichukua geji ya India unachukua na vifaa vyake, hukai kusubiri kiwanda. Hesabu ya haraka haraka hiyo imetubana miaka 120 mpaka reli mpya ya SGR ya 2017 yenye milimita 1,435.

Na mataruma walitumia mengi ya chuma kwa sababu ya mchwa. Ya mbao mchwa wa Taru angeyamaliza kabla treni haijarudi.

Mwana_Shela:
Wallahi mmeniacha mdomo wazi. Nimerudi na majibu mawili.

Kengele: nimempigia mwalimu anayefundisha hapo, wamekishusha wakakipeleka kwa muuza makaa, urefu sentimita 60 na mizani imesema kilo 15 kasoro kidogo. Nimegawanya, kama 25 kwa mita. Binamu nimemtumia, amesoma, tiki mbili za buluu, kimya.

Nyanya: nilikaa naye baada ya laasiri sikumtajia Unguja hata kidogo nisije nikamtia maneno mdomoni, nikamuuliza tu babake alikuwa akirudi nyumbani jioni au vipi. Akaniangalia kama mimi sina akili. Akasema atarudije jioni na pepo hazijageuka, alikuwa akiondoka na kaskazi na harudi mpaka kusi iingie, na akirudi alikuwa na karafuu kwenye kitambaa na halua. Hapo nikajua. Mtu wa kufanya kazi Malindi hii na nyumba yake iko Malindi hii atangojea kusi ya nini? Nikamuuliza sasa mbona unatuambia Malindi, akasema "si Malindi, nyinyi mlidhani Malindi ipi?" Yaani miaka yote hii yeye anasema ya kwake na sisi tunasikia ya kwetu. Ami amesema yeye alikuwa sawa tangu mwanzo, nyanya amesema yeye ndiye alikuwa sawa, na kwa kweli wote wawili.

Sasa anasema babake alikuwa "wa maji na moto" na kila siku alfajiri yuko kazini kabla ya watu kuamka. Kazi hiyo ni ipi hasa? Na lilikufa lini hilo treni la Bububu?

Mama_Langoni:
Mashallah, mbusu mkono nyanya kwa niaba yetu. Kubeba abiria liliacha 1922, motokaa zilikuwa zimeshaingia na barabara zimetengenezwa, nani angoje treni. Baada ya hapo likabaki miaka michache likibeba mawe ya kujazia bandari, kisha likafa kabisa. Kwa hivo hesabu inakubali, huyo mzee alikuwa kijana siku za abiria.

Fundi_Mstaafu:
"Wa maji na moto" ndiye faiamani, au msaidizi wake wa kuwasha. Ngoja nieleze vizuri manake watu wanadhani faiamani ni mtu wa kutupa kuni tu.

Injini ya mvuke huwezi kuja ukawasha ukaondoka. Ikiwa imepoa inataka masaa, na huharakishi, ukiwasha moto mkali juu ya boila baridi, lile pipa la kuchemshia maji, chuma kinatanuka upande mmoja kabla ya mwingine na mabomba yanaanza kuvuja kwenye maungio. Ndio maana alfajiri. Kwanza unatoa jivu la jana, unaangalia kioo cha maji, kile kibomba cha glasi kinachokuonyesha maji yamefika wapi ndani, ndipo unaweka moto mdogo unaukuza polepole. Hicho kioo ndicho roho yake. Maji yakishuka yakaacha wazi ile dari ya chumba cha moto, chuma kinapata wekundu kinalegea na boila inaweza kupasuka na ikawaua wote waliopo. Kwa hivo kwenye dari hiyo huwekwa kizibo kina risasi katikati, risasi ile ya madini laini. Maji yakipungua risasi inayeyuka, mvuke unamwagika juu ya moto kwa kelele, na hapo faiamani hata kama alikuwa anapiga soga anaamka. Kizibo kikiyeyuka ni aibu kubwa, shedi nzima itajua jina lako.

Halafu maji yenyewe. Tazama birika lako la chai kama unatumia maji ya kisima ya hapa Malindi, ndani limeota gamba jeupe. Boila ni vivyo hivyo, gamba likishika kwenye mabomba moto haupiti vizuri, unakula kuni maradufu na nguvu hupati, mwisho chuma kinaungua. Kwa hivo kila baada ya muda boila inapozwa, inafunguliwa vizibo vya chini, inaoshwa kwa mpira wa presha na kukwanguliwa. Kazi chafu hiyo, vijana ndio tulioachiwa, unatoka mweupe kama umepakwa chokaa.

Zile nilizozikuta mimi zilikuwa hazili kuni tena, zilikuwa za mafuta mazito, faiamani yuko na valvu mkononi na macho juu kwenye moshi. Moshi mweusi mafuta yamezidi, hakuna moshi kabisa hewa imezidi, unataka ule wa kijivu hafifu. Na masizi yakishika ndani ya mabomba, dawa ni mchanga, unautupia kidogo mlangoni injini ikiwa inapanda mlima, ile nguvu ya kuvuta inauchukua unapita kwenye mabomba unasugua, na juu ya bomba la moshi linatoka wingu jeusi hilo, mwenye nguo zake kambani atakulaani.

kijana_wa_mkomani:
Mzee wangu wewe andika kitabu. Hizo ulizozikuta ndio zile kubwa zenye vichwa viwili?

Fundi_Mstaafu:
Ndizo, Garratt. Si vichwa viwili, boila ni moja iko katikati, imelala juu ya fremu, na mbele na nyuma kuna mitambo miwili ya magurudumu inayojigeuza kila mmoja kivyake. Kwenye kona boila inakata njia fupi na magurudumu yanafuata reli. Ndio iliyoondoa ule ubaya wa geji nyembamba, unapata injini ya nguvu nyingi lakini uzito umegawanyika kwenye ekseli nyingi na reli haipondeki. Zile za klasi 59 zilikuwa 34, zimetoka Beyer Peacock Manchester 1955 na 1956, tani 250 na zaidi, urefu futi 104, na katika geji ya mita hakuna injini ya mvuke duniani iliyozishinda. Zilikuwa zinatoka Mombasa usawa wa bahari na tani 1,200 nyuma zinakwenda kupanda mpaka Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kufika 1980 zote zilikuwa zimeondolewa kazini, dizeli imeshinda. Niseme ukweli dizeli ni rahisi, unabonyeza unaondoka, sisi mafundi tulilala usiku. Lakini haizungumzi nawe kama ya mvuke.

Mwana_Shela:
Zimebaki popote? Nataka nimpeleke nyanya akaone hata moja, hata kama si ya Bububu.

Fundi_Mstaafu:
Jumba la makumbusho la reli Nairobi, karibu na stesheni ya zamani. 59 ziko mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, huwezi kuzikosa. Lakini kwa nyanya usikimbilie hizo, mpeleke kwanza kwenye zile ndogo ndogo za zamani, hizo ndizo zitamkaribia ya babake. Mwonyeshe mlango wa moto na kile kioo cha maji, mwambie hapa ndipo alipokuwa akisimama. Mabehewani kuna ngazi ndefu, chukua kijana mwenye nguvu wa kumshika, na mwende asubuhi, mchana vyuma vile vikipata jua havishikiki.

Mama_Langoni:
Na mchukue binamu pia, kuna reli nyingi za kutundika.